Gari Lililooshwa Mara Saba

Watu wa Kuze, mtaa wetu wa Mombasa, walinicheka kabla hawajanizoea. Mwanamume mzima, karani wa bandarini, mtoto wa nyumba inayojulikana, amejifunga kikoi hadi magotini, anasugua magurudumu kwa makumbi ya nazi. Kila mwenye gari mjini alikuwa na mtu wake wa kumwoshea. Mimi nilikataa. Gari langu nililiosha mwenyewe, kila Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, na aliyesimama kunitazama nilimtazama vile vile mpaka akaona haya akaenda zake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na hasira za karibu.

Gari lenyewe halikuwa la kuringia, ingawa niliringa. Lilikuwa gari dogo jeusi la Kiingereza, lenye viti vya ngozi iliyoanza kupasuka, na mlango mmoja wa nyuma ulikuwa haushiki sawasawa mpaka uusukume kwa nyonga. Nililinunua kwa mzungu mmoja wa Kizingo, vita vilipokwisha, alipokuwa akirudi kwao. Alinipa ufunguo, akanipa mkono, akapanda meli juma lile lile. Sikumuuliza mengi. Siku mtu anayopata gari haulizi mengi.

Nililinunua kwa ajili ya mama. Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, ambaye mimi nikimwita mama mkubwa. Mama mkubwa alikuwa amelala kitandani Tononoka mwaka mzima, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Mama naye magoti yalikuwa yamemshinda. Kutoka Kuze hadi Tononoka si mbali kwa mwenye miguu, lakini yeye hata ngazi za nyumba yetu alizishuka kwa kukalia kipandio kimoja kimoja. Teksi hakutaka kuisikia. Alisema hawezi kukaa nyuma ya mgongo wa mwanamume asiyemjua, akapelekwa kama gunia la mchele. Basi wakakaa hivyo, dada wawili katika kisiwa kimoja, wakitumiana salamu na visahani vya halua bila kuonana. Nilipolileta gari, nikaliegesha kwenye kiuwanja kilicho ubavuni mwa nyumba, mama alilitazama kutoka dirishani juu, akasema neno moja tu: "Alhamisi."

Ikawa ni kila Alhamisi. Baada ya adhuhuri mama hushuka, hukaa kiti cha nyuma peke yake na buibui lake limemfunika mpaka vidole, mimi nikamfikisha mlangoni kwa dada yake. Alasiri huisali kule, pembeni ya kitanda, kisha nikitoka kazini hupitia kumchukua. Kazini walinizoea, saa moja ile ya mchana hawakunidai. Sijawahi kuona watu wawili wakifurahi kimya kimya kama wale. Mara ya kwanza nilipowaacha, mama mkubwa alikuwa ameushika mkono wa mama kwa ule mkono wake mmoja uliobaki na uhai, na niliporudi nikakuta bado ameushika.

Sasa lazima niseme mama yangu alikuwa mtu wa namna gani katika mambo ya twahara. Sisemi kwa kumsifu. Kuishi naye kulikuwa kazi. Kata ya kuchotea maji chooni haikukaribia kata ya jikoni. Kuku akiruka akatua kwenye kamba ya nguo, nguo zote zilirudi kisimani, zilizoguswa na ambazo hazikuguswa. Mgeni akiacha unyayo ukumbini, mama alingoja kwa adabu mpaka mgeni aondoke, kisha akaita maji. Mimi nilikuwa nimemrithi, ila mimi nilikuwa nimeyahamishia yote kwenye gari. Nilianza na maji ya kisima kuondoa vumbi, nikafuata na sabuni ya mche na kitambaa cha marekani, kisha maji ya bomba ili chumvi ya kisima isibaki kwenye bati. Vioo nilivifuta kwa siki na karatasi za gazeti. Viti nilivipaka mafuta ya nazi kidogo, nikavisugua mpaka ngozi ikarudisha wekundu wake. Wapita njia wa kwanza walipotokea, gari lilikuwa linang'aa, nami nilikuwa nimesimama kando nikijifanya sioni wakiliangalia.

Alhamisi moja, gari likiwa na miezi mitano kwangu, nilishuka na ndoo yangu, nikafungua ule mlango wa nyuma usioshika, nikamkuta mbwa amelala kwenye kiti.

Nilisimama pale nikiwa nimeushika mlango. Mbwa ndani ya Kuze si jambo la kila siku. Mbwa ndani ya gari la mama yangu, mahali pale pale anapokaa yeye, ni jambo ambalo akili yangu ilikataa kulipokea. Nilifumba macho nikayafumbua. Alikuwepo. Mweupe, ana mabaka ya rangi ya chai, mbavu zinahesabika, amejikunja kwa raha zake. Alifungua jicho moja akanitazama, mkia ukapigapiga kiti mara mbili. Kilichonishtua zaidi ni kwamba hakuniogopa. Alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao hata leo nikiukumbuka uso wangu unapata moto. Mbwa alikuwa mkavu. Kiti kilikuwa kikavu. Kila aliyepita chuo chetu cha Kurani anajua kwamba kavu kwa kavu najisi haihami. Ningalimfukuza kwa kijiti, nikakung'uta manyoya, nikafuta, basi yamekwisha. Lakini nilikuwa na ndoo mkononi na hasira kichwani. Nilimmwagia ndoo nzima, mle mle ndani.

Mbwa alisimama juu ya kiti na kujikung'uta. Kwa madhehebu yetu, kilichopatwa na umaji wa mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo saba ni kwa udongo. Maji yaliyotoka katika manyoya ya mbwa yule yaliruka juu ya dari, kwenye vioo, kwenye usukani, kwenye kifua changu, na mengine nikayasikia mdomoni. Kisha akashuka taratibu, akaenda kukaa kivulini chini ya ukuta wa ng'ambo, akaanza kujilamba.

Niliogopa. Sioni haya kulisema. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimechukua kitu cha kufuta kwa kitambaa nikakieneza gari zima. Na mama angeshuka baada ya adhuhuri. Kama angejua, nilimjua vizuri: asingeingia tena ndani ya gari lile hata angeapiwa na kadhi. Na asipoingia, dada yake hamwoni tena. Wiki ile ile walikuwa wametuletea habari kwamba mama mkubwa hata uji haumteremki.

Nilitazama juu dirishani. Pazia lilikuwa limeshuka. Nikamwita karani mwenzangu aliyekuwa akipita kwenda kazini, nikamwambia awaeleze kwamba naumwa tumbo. Haukuwa uwongo mtupu.

Udongo Kuze ni wa kutafuta. Chini ya nyayo zetu ni chokaa na mawe. Mtaa wa pili palikuwa na nyumba inajengwa, nikachota udongo kwenye shimo la msingi, pakacha zima, nikarudi nao begani. Niliuchanganya na maji ndooni mpaka ukawa kama uji mzito, nikaanza kulisugua gari kwa tope. Dari, vioo, usukani, milango ndani na nje. Nje hakukuwa na haja kubwa, lakini nilikuwa nimeshapoteza kipimo. Na udongo wenyewe ulikuwa na changarawe ndani yake. Nilipomwaga maji ya kwanza nikaona ile rangi nyeusi niliyoilea kwa miezi mitano imechanika michirizi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikasimama nikaitazama. Kisha nikachota maji ya pili.

Watu walianza kukusanyika. Mtu akiosha gari kwa sabuni hutazamwa kidogo. Mtu akilipaka gari lake matope kwa bidii, huku amelowa na macho yamemtoka, huitiwa majirani. Walinisalimu kwa urefu, habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za mama, na kila mmoja akangoja nieleze. Nilijibu salamu zote na sikueleza chochote. Nilikuwa maji ya tano, mgongo hausimami, alipokuja mwenye duka la pembeni.

Alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, baba yake alizaliwa mtaa ule ule. Duka lake liliuza chai, siagi ya makopo na biskuti, na wazungu wa Kizingo walikuwa wateja wake. Alimtazama mbwa kule kivulini, akanitazama mimi, akalitazama gari.

"Alilala ndani?" akauliza.

"Nimemkuta asubuhi. Sijui ametoka wapi, mbwa wa laana huyu."

"Bwana, usimlaani. Huyu si mgeni. Mgeni ni wewe."

Nilidhani ananitania, na sikuwa na hali ya kutaniwa. Nikamwambia anieleze vizuri au aniache.

"Huyu ni mbwa wa gari hili," akasema. "Yule mzungu akija dukani kwangu, huyu alikuwa amekaa nyuma, kitwa dirishani, kama memsahibu. Miaka mitatu nimemuona hapo. Mzungu amesafiri, amemwachia boi wake, na boi amekwenda kwao bara. Atakwenda wapi yeye? Amelitafuta gari lake."

Ndoo iliniponyoka. Naikumbuka sauti ya bati juu ya mawe, na watu wakigeuka. Miaka mitatu. Nikaingia ndani ya gari, nikakishika kile kiti cha nyuma kwa mikono miwili, nikakivuta. Kilikuwa kimekaza. Nilikuwa sijawahi kukiinua. Miezi mitano nilisugua yale yanayoonwa na watu wa njiani, na hata siku moja haikunipitikia kutazama chini ya kiti. Kilipofyatuka, nikaona.

Manyoya yalikuwa yameshikana kama godoro. Meupe, na ya rangi ya chai. Katikati yake palikuwa na mfupa uliotafunwa, na mkanda wa shingoni wenye kifungo cha shaba. Katika mshono wa ngozi, pale mgongo wa kiti unapokutana na kikalio, manyoya yalikuwa yamepenya na kutokeza upande wa juu kama nyuzi. Ukivitazama viti kwa mbali huyaoni. Ukikalia kwa joto la Mombasa, na jasho limekulowesha, yanakushika.

Niliketi chini, pale pale penye matope. Sikufikiria mbwa tena. Nilifikiria kila Alhamisi. Kila Alhamisi mama yangu alikalia hayo, akashuka na buibui lile lile, akaenda kusimama mbele ya Mola wake. Mtu aliyerudisha kamba nzima ya nguo kisimani kwa sababu ya kuku. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Mimi ndiye niliyemwambia, karibu mama, gari safi.

Mwenye duka, Mungu amrehemu, aliyachungulia yale manyoya. Alikwenda akaniletea mche mpya wa sabuni na kisu kikubwa cha kukatia magunia.

Nilianza upya. Nilipasua mishono, nikatoa yote yaliyokuwa ndani, sufi na manyoya, nikayatupa mbali. Ngozi nikaisugua kwa udongo pande zote mbili, kisha maji, kisha maji, mpaka saba. Mwadhini alipoadhini adhuhuri nilikuwa namwaga ya mwisho. Gari lilisimama pale likichuruzika, limechubuka, viti vimekuwa vitambaa vya ngozi vilivyolala juu ya chuma. Nikaenda kisimani nikajiosha mimi mwenyewe hivyo hivyo, udongo mpaka masikioni, nikasali, nikapanda juu.

Njiani kwenye ngazi nilikuwa nimeshatunga uwongo mzuri. Ningesema mashine imekufa. Ningesema nitampeleka Alhamisi ijayo, viti vikiwa vipya, na asingejua milele. Nilimkuta amekaa tayari, buibui begani, bakuli la uji wa dada yake limefungwa kwenye kitambaa mapajani.

"Mbona mato yako mekundu?" akaniuliza, akinitazama machoni.

"Mama, leo hatwendi."

"Dada yangu yuwaningoja."

Uwongo uliniganda mdomoni. Ningeweza kumdanganya kuhusu mashine. Kuhusu sala zake sikuweza. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote, mbwa, ndoo, maneno ya mwenye duka, manyoya chini ya kiti. Nilimwambia kwamba ile najisi si ya leo, ni ya tangu siku ya kwanza, na kwamba kosa ni langu na nimsamehe. Nilisema nimsamehe badala ya anisamehe, nilikuwa sijui ninasema nini.

Aliniacha nikamaliza.

"Najua, baba," akasema.

Sikuelewa anajua nini.

"Siku ya kwanza tuliporudi naliona nywele kwenye buibui. Nalidhani ni zangu, nimeshakuwa mzee. Hata nikazinusa. Nimezaliwa mji huu, harufu ya mbwa nisiijue?"

"Siku ya kwanza?"

"Ya kwanza. Tangu hapo, nikifika kwa dada yangu hukoga, nikavaa nguo zangu za kusalia nilizoziweka kule. Binti yake hulifua buibui mara saba, mara moya kwa mtanga. Likakauka kwa jua kabla hujaya kunitukua jioni."

"Na ukirudi hapa? Si unakaa pale pale tena?"

"Nikifika juu wewe huwa ushakwenda msikitini. Nami hulifua tena."

"Maji nani anakuvutia?"

Alitengeneza fundo la kitambaa lililokuwa halina kasoro. Kisima chetu kilikuwa kirefu, na kamba yake ilinichosha mimi. Nilimtazama mikono, nikashindwa kuendelea kuitazama.

"Mbona hukunambia, mama?"

"Ningalikwambia ungaliliuza kesho yake. Wewe nakujua. Kisha mimi ningalikwenda na nini?"

Nimepata mishtuko mingi maishani. Wa siku ile wa asubuhi, wa mbwa, niliusahau pale pale. Huu wa mchana haujanipoa mpaka leo. Nilikuwa nimepasua viti kwa kisu, nimeikwaruza rangi yangu, nimedanganya ofisini, yote kumlinda mtu asijue jambo analolijua kuliko mimi. Mwanamke ambaye nilidhani angekufa kwa unyayo wa mgeni ukumbini, kwa hiari yake, kila Alhamisi, alikwenda akaketi juu ya kitu alichokichukia kuliko vyote duniani. Alikaa wima, akanishukuru, na akiteremka huliangalia gari na kuniambia linang'aa.

"Basi inuka," akasema. "Uji unapoa."

Alishuka ngazi kwa mtindo wake, kipandio kimoja kimoja, mimi nikiwa mbele. Pale chini alilitazama gari. Alipitisha kidole juu ya ile michirizi. Nilimwambia viti bado vimelowa na hapana kitu cha kukalia ila ngozi na chuma. Alisema hayo ni maji tu. Akaingia.

Siku ile hawakuzungumza sana, dada wale wawili. Mama alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na viwili vitatu viliteremka. Sikurudi kazini, kwa kuwa nilikuwa mgonjwa wa tumbo. Nilikaa barazani nje nikisikia kijiko kikigonga bakuli. Jumapili asubuhi mama mkubwa akafariki.

Arubaini ilipopita nilivishonesha viti upya, vyote, hata cha dereva ambacho hakikuwa na kosa. Nilipaka rangi. Ule mlango wa nyuma niliutengeneza ukashika. Mbwa akawa analala chini ya gari, nami sikumfukuza, ila nilipoosha nilimwambia asogee na akasogea. Gari lilikuwa twahara kwa kila hesabu aijuayo mwanachuoni yeyote, nje, ndani na chini ya viti. Alhamisi moja nilipanda juu nikamwambia mama ashuke, nimpeleke kule baharini, ambako siku hizi kunaitwa Mama Ngina, apate upepo. Nilimwambia alione kwanza, aingize mkono wake mwenyewe chini ya kiti kama hataki kuniamini.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Mimi na gari la mbwa wapi na wapi?" akasema, akaendelea kuchambua.